Mchezaji aliyeumia asiharakishwe kurudi uwanjani

Ndugu wakaazi wa kambi,

Kila mwaka inapokaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, mashindano ya mpira wa miguu na mpira wa pete hupamba moto. Pamoja na magoli, huja vifundo vya miguu vilivyoteguka na misuli iliyochanika. Hatusemi vijana waache kucheza. Michezo hujenga mwili na hupunguza mawazo. Tunachopinga ni tabia mbili: kumkanda aliyeumia kwa maji ya moto na kumvuta mguu siku ile ile, na kumrudisha uwanjani kabla hajapona kwa kuwa timu inamhitaji.

Msuli au kano ikichanika, mishipa midogo ya damu nayo hupasuka, na hapo ndipo uvimbe unapoanzia. Joto na kuchua kwa nguvu katika siku 2 au 3 za mwanzo huzidisha damu kuvuja ndani. Katika siku hizo, acha kucheza, funga bendeji au kipande cha kitenge, na ukilala inua mguu juu ya mto au nguo zilizokunjwa. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, legeza upesi. Kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza maumivu.

Wengine husema, "Hapa hatuna barafu, tutaponaje?" Wasihofu. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza ushauri wa mapumziko na barafu mwaka 1978, aliandika mwenyewe mwaka 2014 kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo kulala mkekani wiki nzima nako si dawa. Baada ya siku chache anza kuchezesha kifundo taratibu, kisha kukanyaga, kisha kutembea, kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Maumivu ya misuli yanayokuja siku 1 au 2 baada ya mazoezi mageni ni ya kawaida, nayo huisha yenyewe baada ya siku chache. Lakini nenda kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa huwezi kutembea hata hatua 4, ukibonyeza mfupa unauma sana, mguu umepinda au umekufa ganzi, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali. Usianze kwa kununua vidonge sokoni. Dawa kama diklofenaki zinaweza kudhuru tumbo na figo, na mama mjamzito asizitumie bila kuandikiwa.

Je, mchezaji arudi lini? Kifundo kilichoteguka kidogo huhitaji wiki 1 au 2, kilichochanika zaidi huweza kuhitaji wiki 6 au hata miezi. Lakini msihesabu siku peke yake. Atembee bila kuchechemea, asimame kwa mguu ulioumia, aruke kwa mguu huo bila maumivu, kisha akimbie na kugeuka ghafla. Akishindwa hatua moja, bado. Kifundo kilichowahi kuteguka huteguka tena kwa urahisi, hasa mwenyewe akirudi mapema.

Ndugu makapteni na walimu wa timu, maoni yetu ni haya: anayechechemea asipangwe, hata ikiwa ni fainali, wala asiitwe mwoga. Mchezo huisha kwa dakika 90. Mguu ule ule kesho yake unatakiwa kubeba dumu la maji, kusimama kwenye foleni ya mgao na kumfikisha mtoto kliniki. Akilemaa, mzigo wake utabebwa na mama yake, mke wake au wadogo zake, ambao hawakucheza.

Mwenda pole hajikwai.