UCHAMBUZI: Jiko la moshi mdogo lipimwe kwa sufuria ya githeri, si kwa birika la chai

FAMILIA nyingi nchini hujikuta katika njia panda kila zinapotaka kununua jiko jipya la nyumbani.

Madukani, katika vibanda vya jua kali na mikononi mwa wachuuzi wanaozunguka vijijini kumejaa majiko ya kila aina. Karibu kila moja husifiwa kwamba halitoi moshi, hupunguza gharama na hulinda mazingira. Mengine huuzwa kwa madai kuwa yanaweza kutumia kuni, makaa, magunzi ya mahindi na hata briketi za vumbi la makaa bila tatizo lolote.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni bei. La pili ni kiasi cha makaa au kuni atakachookoa. Ni wachache mno wanaouliza swali lenye uzito zaidi: jiko hili litaondoa moshi upi nyumbani, na ni moshi upi utakaobaki?

Uzito wa swali hilo unadhihirika katika takwimu. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa takriban asilimia 55 ya familia nchini zilitegemea kuni kama njia kuu ya kupikia. Gesi ilitumiwa na asilimia 24 hivi, makaa asilimia 12 na mafuta taa asilimia 8.

Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano.

Hata hivyo, takwimu za sensa zinaficha jambo moja muhimu. Zinaonyesha njia kuu ya kupikia ilhali katika nyumba nyingi, za mjini na za mashambani, meko ya gesi, jiko la makaa na mafiga matatu hukaa pamoja kama majirani wa miaka mingi. Kila kimoja kina kazi yake.

Gesi huchemsha chai, hukaanga mayai na kupasha moto chakula kilicholala. Lakini siku ya kupika githeri, maharagwe makavu au matumbo, mama mwenye nyumba huogopa kuona mtungi ukiisha kabla ya mwisho wa mwezi. Basi huwasha makaa, au kuni ikiwa yuko kijijini.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Chukulia familia inayochemsha chai mara tatu kwa siku, kila mara kwa dakika 15, na kutokosa kwa saa tatu kwenye makaa. Gesi imewaka kwa dakika 45 na makaa kwa dakika 180. Familia hiyo inaweza kujitambulisha kuwa inapikia gesi, ilhali asilimia 80 ya muda wa moto siku hiyo ulikuwa wa makaa.

Hii ndiyo maana jiko la moshi mdogo halifai kuchaguliwa kwa kutazama birika la chai. Lipimwe kwa chakula kinachokaa motoni muda mrefu kuliko vyote. Jiko litakaloshindwa na githeri litaliacha jiko la zamani mahali pake.

Jambo hili si geni katika historia ya majiko nchini. Jiko la kauri, lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, lilianza kuenezwa mapema katika miaka ya 1980 baada ya wabunifu kuliangalia jiko la ndoo la Thailand na kulifanyia mabadiliko ya kufaa mapishi ya hapa. Mafundi wa jua kali wakaligeuza kuwa riziki na hadi leo linauzwa katika kila soko.

Sifa yake ni ya haki. Likitumiwa vyema, hupunguza makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Hata hivyo, lengo lake kuu lilikuwa kuokoa pesa na miti. Kulinda mapafu ni suala tofauti, na mnunuzi hana budi kutenganisha mambo hayo mawili.

Makaa yaliyokolea moto huonekana safi kwa sababu hayana moshi wa kuwasha macho. Lakini hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Vifo vya watu waliolala na jiko la makaa chumbani vimeripotiwa nchini mara kwa mara, hasa wakati wa baridi. Jiko linalookoa makaa haliondoi hatari hiyo.

Isitoshe, moshi wa makaa huwa umekwisha kutoka mahali pengine. Tanuri la kawaida la udongo huhitaji kilo sita za kuni au zaidi ili kupata kilo moja ya makaa. Mpishi wa mjini asiyeuona moshi huo amewaachia wachomaji makaa na misitu yao.

Kuhusu majiko ya kuni, funzo kubwa limetoka Malawi. Watafiti waligawa majiko ya kisasa yenye feni, yanayochoma kuni kwa usafi zaidi kuliko mafiga, kisha wakafuatilia afya ya watoto zaidi ya 10,000. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka wa 2016 yaliwashangaza wengi: visa vya nimonia havikupungua.

Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuwa moshi wa watoto hao haukutoka katika jiko pekee. Ulitokana pia na takataka zilizochomwa, tumbaku na moto mwingine uliowazunguka. Aidha, majiko yenyewe yaliharibika na kuhitaji kurekebishwa kila mara. Jiko moja safi katikati ya moshi mwingi halikutosha.

Je, vipi kuhusu majiko yanayodaiwa kutumia kila kitu? Hapa mnunuzi anahitaji kufahamu jinsi moto unavyofanya kazi.

Kuni zikipata joto hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka kama ndimi za moto. Zinahitaji chumba kirefu chenye joto kali na hewa ya kutosha juu ya moto ili gesi iungue yote kabla ya kutoroka. Isipoungua, inakuwa moshi na masizi.

Makaa ni tofauti. Gesi yake nyingi ilikwisha kutoka tanurini. Yanahitaji wavu wa kuyabeba, hewa inayopanda kutoka chini, na sufuria iliyo karibu nayo. Kuni zikitiwa katika jiko lililoundwa kwa ajili ya makaa, hufuka moshi. Makaa yakitiwa katika jiko refu la kuni, joto hupotea kabla ya kufika kwenye sufuria.

Kwa hivyo, jiko la fueli zaidi ya moja ambalo linastahili jina hilo huwa na wavu unaoweza kuinuliwa au kuondolewa, na mlango wa kuongeza na kupunguza hewa. Lisilokuwa na sehemu hizo ni jiko la fueli moja lililopewa jina kubwa. Mnunuzi ana haki ya kumtaka muuzaji aliwashe mbele yake, kwanza kwa kuni, kisha kwa makaa. Plastiki, nguo kuukuu na mbao zilizopakwa rangi hazifai kutiwa katika jiko lolote, kwani moshi wake ni sumu.

Kuna kipimo kingine cha kumsaidia. Tangu mwaka wa 2018, Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) limekuwa na utaratibu wa kupima majiko katika maabara na kuyapa daraja kuanzia 0 hadi 5. Matumizi ya fueli hupewa daraja lake, chembechembe za moshi lake, kaboni monoksidi lake, na usalama lake.

Kumbe basi jiko linaweza kupata daraja la juu kwa kuokoa kuni na daraja la chini kwa moshi. Tangazo likisema tu kuwa jiko ni la 'daraja la nne', mnunuzi aulize: la nne katika nini?

Ikiwa makaa na kuni vina mipaka hiyo, je, suluhisho ni gesi? Kwa upande wa hewa ya nyumbani, gesi iko mbali mbele ya makaa, kuni na hata mafuta taa, ambayo WHO ilitoa mwongozo mwaka wa 2014 kwamba matumizi yake majumbani yasihimizwe. Kikwazo cha gesi ni mfuko, na sera za serikali zimekuwa zikiyumba.

Mnamo Julai 2021, ushuru wa VAT wa asilimia 16 ulirejeshwa kwenye gesi ya kupikia. Mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka wa 2023 ukaondolewa. Kabla ya hapo, mradi wa Mwananchi Gas uliozinduliwa mwaka wa 2016 ili kuwapa maskini mitungi ya bei nafuu ulikwama baada ya mitungi mingi kupatikana na kasoro. Familia iliyoacha makaa kwa kuamini gesi itabaki nafuu haikuwa na hakikisho lolote.

Usalama nao haufai kupuuzwa. Mlipuko wa Februari 1, 2024 mtaani Embakasi, Nairobi, uliua watu na kujeruhi mamia katika eneo la makazi ambako gesi ilishughulikiwa bila leseni. Mtungi wa bei ya chini uliojazwa kichochoroni unaweza kugharimu zaidi ya pesa.

Ethanoli huungua kwa usafi pia, ila mnunuzi achunguze ni nani anayeuza mafuta hayo. Jiko linalotegemea mafuta ya kampuni moja pekee hugeuka pambo siku ambayo kampuni hiyo itafunga milango.

Umeme ndio unaoanza kujibu swali la githeri. Sufuria ya presha ya umeme huivisha maharagwe kwa takriban nusu yuniti ya stima, kwa sababu mvuke na joto havitoroki. Chakula kilichokuwa kikihitaji saa tatu za makaa huiva kwa saa moja hivi, tena bila moshi wowote jikoni.

Lakini hapa tena sera inaweza kumwangusha mwananchi. Katika viwango vilivyoanza kutumika Aprili 2023, mteja anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi aliwekewa bei ya chini kuliko wengine. Familia inayotumia yuniti 26 ikianza kupika maharagwe kwa umeme mara nne kwa wiki itaongeza yuniti nane hivi na kufikia 34. Itapandishwa daraja la bei kwa kosa la kuacha makaa.

Kwa familia isiyo na stima au isiyoweza kuimudu, zipo hatua ndogo zenye faida kubwa. Kuloweka maharagwe usiku kucha hupunguza muda wa kuyapika. Sufuria ya presha ya kawaida hufanya kazi juu ya gesi. Kikapu kilichofunikwa kwa matambara au sponji huendelea kuivisha chakula kilichokwisha kuchemka, bila moto.

Palipo na kuni pekee, zikaushwe na kupasuliwa ziwe nyembamba. Jiko liwe na dohani inayotoa moshi nje ya paa, au lipikiwe mahali penye hewa wazi, na watoto wachanga wasibebwe mgongoni karibu na moto.

Serikali imejiwekea lengo la kuwafikishia Wakenya wote upishi safi ifikapo mwaka wa 2028, kupitia mkakati wa kitaifa wa 2024 hadi 2028. Katika kongamano la Paris la Mei 2024 kuhusu upishi barani Afrika, ahadi za dola bilioni 2.2 zilitolewa. Pesa si haba.

Hofu ni kwamba pesa hizo zitahesabu majiko yaliyogawiwa badala ya moshi uliozimwa. Tayari onyo limetolewa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa Januari 2024 ulipata kuwa miradi ya majiko iliyochunguzwa ilidai kupunguza hewa chafu takriban mara tisa zaidi ya hali halisi. Sababu mojawapo ni kudhani kuwa anayepewa jiko jipya hulitumia daima na kulitupa la zamani.

Kila mama nchini angewaambia kuwa sivyo. Jiko la zamani halitupwi. Husukumwa kando kungoja siku ya maharagwe.

Wizara ya Kawi haina budi kupima maendeleo kwa kipimo hicho. Ijue ni familia ngapi zilizoacha kuwasha makaa na kuni, wala si ngapi zilizopokea jiko. Bei ya stima ipangwe ili mpishi wa githeri asiadhibiwe. Ushuru wa gesi usibadilike kila bajeti. Nalo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lihakikishe kuwa kila jiko linalouzwa linaonyesha daraja lake la moshi waziwazi, kwa Kiswahili.

Naye mnunuzi, kabla ya kufungua kibeti, ataje chakula kinachokaa motoni muda mrefu zaidi nyumbani kwake, kisha amuulize muuzaji jiko hilo litakipika vipi na kwa gharama gani. Jibu likikosekana, pesa zake na zibaki kibetini.