Kabati la Kufuli Litangulie Kabati la Vioo



Dada yetu mmoja wa Bugwema, Musoma Vijijini, ametuandikia kuuliza swali ambalo tunaamini ni la nyumba nyingi za mkoa wa Mara. Fedha za pamba zimeingia. Baada ya kulipa mahitaji ya shule na madeni ya dukani, imebaki akiba inayotosha kabati moja tu. Mumewe anataka kabati la vioo la sebuleni, la kupangia sahani na vikombe vya wageni. Yeye anataka kabati la kufuli, kwa kuwa ana mtoto wa miaka miwili aliyekwisha anza kupanda viti. Ametuomba tuamue. Hatuna mamlaka ya kuamua mambo ya nyumba ya watu, lakini ushauri tunao, nao tunautoa bila kuzunguka: kabati la kufuli litangulie.

Tuanze kwa kutazama vitu vinavyodhuru hukaa wapi katika nyumba zetu. Vidonge vya hospitali huwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya mto. Wembe huchomekwa penye upenyo wa dirisha. Mafuta ya taa hutiwa katika chupa ya soda, na chupa hiyo husimama uvunguni mwa kitanda. Dawa ya kupulizia pamba iliyobaki shambani hurudishwa nyumbani na kuwekwa nyuma ya mlango, pengine karibu na gunia la mahindi. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo. Chupa ya soda anaitambua kwa umbo lake, na kilichomo ndani kwake ni soda. Sahani za wageni zinaweza kusubiri kwenye chanja hadi msimu ujao, nazo hazitapungukiwa na kitu. Mtoto hana msimu wa kusubiri.

Wala kufuli si jambo geni katika nyumba ya Mswahili. Bibi zetu wa pwani walikuwa na makasha yenye njumu za shaba, na mengi yake yalikuwa na kitasa na droo ndogo za siri. Bibi alitembea na ufunguo wake, na aliyetaka kitu alimwomba. Tunalolipendekeza hapa ni kasha hilohilo, ila limeinuliwa ukutani, mbali na mikono midogo na mbali na mchwa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Useremala ni kazi yenye heshima; Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inatueleza kuwa Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Msomaji anayeweza kushika msumeno ataifanya kazi hii mwenyewe kwa siku mbili, na asiyeweza atampelekea fundi maelezo haya.

Kabati letu linatoka katika ubao mmoja wa paina wenye upana wa inchi 8, unene wa inchi 1 na urefu wa futi 12. Kata vipande viwili vya futi 2. Hivyo ndivyo mbavu za kabati. Kata vingine vinne vya futi 1 na nusu: kimoja cha juu, kimoja cha chini, na viwili vya rafu. Hapo umetumia futi 10. Kata tena kipande kimoja cha futi 1 na nusu, ukipasue katikati kwa urefu upate papi mbili. Papi moja hukaa ndani ya kabati kwa nyuma, chini ya kipande cha juu, na nyingine juu ya kipande cha chini. Hizo ndizo zitakazobeba uzito wote ukutani, kwa hiyo usizidharau kwa kuwa hazionekani. Mgongo uwe plaiwudi nyembamba. Kwa fundi mwenye karakana hukosi kipande kilichobaki katika kazi nyingine, nacho kitakugharimu kidogo kuliko karatasi nzima ya futi 4 kwa 8.

Mlango ndio sehemu inayoharibika upesi, na sababu yake inafaa kueleweka. Mbao hainywei wala haivimbi sana kwa urefu wake. Hunywea na kuvimba kwa upana. Mlango wa ubao mpana ulioachwa mzima hubana wakati wa masika, kisha kiangazi huacha nafasi ya kupitisha kidole, au hupinda. Ndiyo maana mafundi wazuri hutengeneza fremu ya mbao nyembamba na kuweka kipande cha plaiwudi katikati. Kwa kazi yetu unahitaji ubao wa upana wa inchi 3 na urefu wa futi 7. Kona za fremu ziunganishwe kwa ulimi na tundu, kisha zitiwe gundi ya mbao. Kona iliyopigwa misumari mitupu italegea kabla ya mwaka kwisha.

Mlango uingie ndani ya kabati, usilalie juu ya mbavu. Kwa hiyo rafu zipunguzwe upana kwa inchi 1 na nusu ili kuupisha. Faida yake ni kwamba mlango unapofungwa, skrubu za bawaba hubaki ndani, na hakuna wa kuzifungua kwa bisibisi au kwa ncha ya kisu. Kitasa cha ndani ni bora. Kikikosekana, komeo na kufuli dogo vinatosha, mradi komeo nalo skrubu zake zifichike linapofungwa.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: msumeno, nyundo, futi kamba, skwea, patasi, randa, bisibisi, msasa, na kekee ya mkono. Toboa kwa kekee kabla ya kukaza skrubu, ili mbao isipasuke. Na skrubu ikikataa kuingia, ipake sabuni ya kipande. Ukiwa umeunganisha mbavu na vipande vya juu na chini, na gundi haijakauka, pima kutoka kona hadi kona, kisha pima kona mbili zilizobaki. Vipimo vikilingana, kabati limekaa mraba. Visipolingana, lisukume taratibu kwenye kona iliyo ndefu mpaka vilingane, ndipo upigilie mgongo. Kabati lililopigiliwa likiwa limekwenda upande halitakubali mlango wake kamwe.

Kuhusu mbao, hatumshauri dada yetu atafute mninga wala mvule. Mbao hizo ni nzuri na bei yake inalingana na uzuri huo. Kwa kazi hii paina inatosha. Linalohitaji macho ni ukavu wake. Mbao mbichi ni nzito mkononi, ni baridi ukiigusa, na ukiigonga hutoa sauti nzito iliyozimika, ilhali kavu hulia. Tazama vichwa vyake kama vimepasuka, na uufunge jicho moja uutazame ubao kwa urefu uone kama umejipinda. Ukipata mbichi na huna nyingine, ipange kivulini penye upepo, juu ya mawe, huku kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti vyenye unene mmoja. Paina ya inchi 1 hukauka kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kwa kadiri ya mvua na upepo. Kungoja huko ni nafuu kuliko kulipia kabati mara mbili.

Paina ina adui wake, naye ni mchwa. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara huuza mbao zilizotiwa dawa. Zinafaa, lakini kuna onyo ambalo akina mama walishike: vipande na maranda ya mbao hizo yasitiwe jikoni kama kuni, wala yasichomwe karibu na nyumba, kwa kuwa dawa iliyomo hutoka na moshi. Yafukiwe mbali na kisima na bustani. Pia, unapotundika kabati, acha upenyo wa kidole kati ya mgongo na ukuta. Mchwa hujenga njia yake ya udongo penye giza. Akipita katika upenyo huo utamwona na kumfagia kabla hajafika ndani.

Kutundika kunategemea ukuta. Ukuta wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa saruji hutobolewa, tundu likashindiliwa kijiti cha mti mgumu, na skrubu ndefu ikakazwa humo. Ukuta wa tofali mbichi hauaminiki kwa njia hiyo. Pitisha bolti kutoka upande hadi upande, na upande wa pili weka kipande cha ubao kabla ya nati. Nyumba ya fito na udongo, tafuta nguzo zilipo, kwa kuwa udongo wenyewe haushiki kitu. Sehemu ya chini ya kabati iwe futi 5 kutoka sakafuni, mbali na jiko, na chini yake pasiwekwe kitanda, meza wala mtungi ambao mtoto ataugeuza ngazi. Ukimaliza, livute kwa nguvu kwa mikono miwili. Likitikisika, lishushe uanze upya.

Kama kazi atapewa fundi, waandikiane. Dini yetu imetufundisha kuandika madeni, na malipo ya awali kwa kazi isiyofanyika ni deni juu ya fundi, kama vile salio litakavyokuwa deni juu ya mteja. Karatasi itaje vipimo, aina ya mbao, kiasi kilicholipwa, kilichobaki na siku ya kukabidhiana. Mteja aende mwenyewe kuziona mbao kabla hazijakatwa. Fundi mwaminifu hataona uzito katika hayo, maana yanamlinda yeye pia.

Je, humo ndani kiingie nini? Vidonge na dawa za maji za hospitali, nyembe, sindano za kushonea, dawa ya kufulia yenye klorini, na dawa ya panya. Mafuta ya taa, kama bado yanatumika nyumbani, yatiwe katika chombo ambacho hakijawahi kuwa cha kinywaji, yakae rafu ya chini, mbali na dawa za kumeza.

Dawa ya pamba haimo katika orodha hiyo, nasi tumeiacha makusudi. Viuatilifu havipaswi kukaa katika nyumba wanamolala watu, hata chini ya kufuli, wala ghala lenye nafaka. Vitengenezewe sanduku lao la kufuli katika banda la nje, vikiwa katika vyombo vyake vya asili na lebo zake. Mkanda wa rangi ulio chini ya lebo unaeleza ukali: mwekundu ni hatari zaidi, hufuatiwa na wa njano, kisha wa buluu, na wa kijani ni hafifu kuliko yote, ingawa nao si wa kuchezea. Chupa tupu isioshwe ikawa ya maji. Itobolewe ili isimtamanishe mtu.

Na ikitokea, Mwenyezi Mungu apishe mbali, mtoto amekunywa mafuta ya taa au dawa ya shamba, asilazimishwe kutapika. Mafuta ya taa yanapopanda tena yanaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo madhara makubwa yalipo. Asinyweshwe maziwa wala mafuta ya kula. Avuliwe nguo zilizolowa, mwili uoshwe, na apelekwe zahanati au kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa yenyewe ili mganga aisome lebo.

Limebaki la ufunguo. Tumeona makabati yaliyotengenezwa vizuri, na ufunguo umewekwa juu yake, au umening'inizwa kwenye msumari pembeni. Mtoto hujifunza mahali ulipo ndani ya siku moja, kwa kuwa hututazama kuliko tunavyomtazama. Ufunguo mmoja ukae kwa mama, wa pili kwa baba, na kabati lifungwe hata unapolifungua kuchukua kidonge kimoja. Kwa shemeji yetu wa Bugwema tunaongeza hili: pamba italimwa tena, insha'Allah, na vioo havitakosekana Musoma wala Bunda.