Damu huharibika kabla ya kufika kwenye mashine

Hospitali ikipata mashine mpya ya kupima damu, utepe hukatwa na picha hupigwa. Furaha hiyo ni ya haki. Ila makosa mengi ya majibu hayazaliwi ndani ya mashine. Mwaka 1997, Mario Plebani na Paolo Carraro wa Padova, Italia, walichapisha uchunguzi wao wa makosa katika maabara ya dharura: asilimia 68.2 yalitokea kabla ya kipimo chenyewe, na 13.3 tu wakati wa kupima. Miaka kumi baadaye walirudia, na yale ya kabla ya kipimo yalikuwa bado asilimia 61.9.

Utazame mrija wenyewe. Damu ikivutwa kwa nguvu, au mrija ukitikiswa badala ya kupinduliwa polepole, chembe nyekundu hupasuka, na seramu (majimaji yanayobaki damu ikiganda) iliyotakiwa kuwa ya manjano hutoka nyekundu. Potasiamu iliyomo ndani ya chembe hizo ni zaidi ya mara 20 ya ile iliyo kwenye majimaji ya damu, kwa hiyo mtu asiye na tatizo husomeka kama moyo wake uko hatarini. Damu ikiachwa mezani bila kutenganishwa, chembe huendelea kula sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Hapo mwenye kisukari anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama.

Watakuwepo wa kusema kwamba mashine za leo huigundua seramu iliyoharibika. Nyingi huigundua, kweli, lakini haziwezi kuiponya: mtoto atachomwa sindano tena. Wala hakuna mashine inayojua kwamba jina lililobandikwa ni la mgonjwa wa kitanda cha jirani. Wengine watasema foleni ni ndefu, nusu saa ya kusubiri damu igande haipatikani. Hoja hii ni nzito zaidi, maana wanaosubiri ni wagonjwa. Lakini damu isiyoganda vizuri huacha nyuzi zinazoziba sindano ya mashine, na foleni yote husimama. Dawa ya foleni ni watu na vifaa. Bajeti ya mashine iwe pia na sentrifuji (mashine ya kutenganisha damu) ya akiba, mirija ya kila rangi, na mhudumu mwenye nafasi ya kuandika jina palepale kando ya mgonjwa. Zahanati ya mbali nayo ipewe sentrifuji yake, seramu itenganishwe kabla sampuli haijapakiwa kwenye bodaboda.