Lizi ya Bwera ina tarehe ya kufa

Mfanyabiashara anayetoka Mbarara na shehena huvuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, hupita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kisha pale Kikorongo hukata kushoto kuelekea Bwera na Mpondwe. Njiani hukagua karatasi zake: ankara, cheti cha uasili wa bidhaa, bima ya gari, kitambulisho. Karatasi moja haimo katika mkoba huo. Ni lizi ya jengo anamohifadhi mali na kulala, iliyosainiwa miaka mingi iliyopita na kufungiwa sandukuni. Kumbe hiyo nayo ina tarehe ya mwisho, kama bima ya gari.

Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: wa kimila, frihodi, mailo na lizi. Asiye raia ana mlango mmoja tu, yaani lizi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inamwekea kikomo cha miaka 99. Kwa vitendo, bodi ya ardhi ya wilaya mara nyingi huanza na miaka mitano ya kujenga. Jengo likisimama, muda huongezwa, kwa kawaida hadi miaka 49.

Hapo kwenye mitano ndipo wengi wanaponaswa. Mtu anamaliza jengo lake la ghorofa, duka chini na vyumba juu, wapangaji wanaingia, naye anadhani kuta zimemaliza kazi ya karatasi. Hazijamaliza. Ni lazima aombe nyongeza, jengo likaguliwe, ada zilipwe, na nyongeza yenyewe isajiliwe katika ofisi ya ardhi. Muda ukiisha kabla ya hapo, ardhi humrudia aliyeitoa, na jengo huifuata ardhi. Kuomba wakati lizi iko hai ni kurefusha haki uliyo nayo. Kuomba baada ya kufa ni kuomba ardhi upya, huku kila aliyekaa mezani akijua kwamba ghorofa huwezi kulibeba mgongoni ukaondoka nalo.

Ardhi ikiwa ya ukoo, mambo ni magumu zaidi. Mzee aliyesaini huenda amefariki, na warithi ni watano, kila mmoja na bei yake. Sheria pia inataka ridhaa ya mume au mke kwa ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inaitegemea kwa riziki, kwa hiyo sahihi ya mzee peke yake haikutoshi. Dawa yake ni kuandika tangu mwanzo, ndani ya lizi yenyewe, kwamba nyongeza itatolewa, kwa miaka mingapi, na kodi itapangwa vipi. Anayeacha jambo hilo kwa maneno ya udugu ameliacha kwa watoto wa mwenzake.

Udugu kweli upo. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa ng'ambo ya mpaka ni watu wa jadi moja na wanaelewana kwa lugha. Lakini mbele ya msajili wa ardhi, Mnande wa Beni ni mgeni sawa na mwekezaji wa Ulaya. Ndiyo maana wengine huandikisha jengo kwa jina la shemeji aliye raia. Huo ni ujanja wa hasara: hati inamtambua shemeji, benki inamtambua shemeji, na shemeji akifa warithi wake hawana deni na mtu asiyeandikwa popote. Hata kampuni haisaidii, kwa kuwa ikiwa hisa nyingi ni za wasio raia, sheria huihesabu nayo kuwa mgeni. Lizi ya wazi yenye miaka inayohesabika ni bora kuliko umiliki wa kuazima.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haikulitatua hili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa mwananchi wa nchi mwanachama haki ya kwenda kuanzisha biashara, lakini ibara yake ya 15 inaacha ardhi na majengo chini ya sheria za kila nchi. Kongo ilipojiunga mwaka 2022 iliingia na sheria yake ya ardhi ya 1973, ambayo umilikishwaji wa kudumu ni kwa Wakongo tu; wengine hupewa muda, usiozidi miaka 25, unaoweza kurudiwa. Kwa hiyo Mganda mwenye ghala Kasindi yuko katika mtego uleule, tena kwa Kifaransa.

Wapo watakaosema Kasese haina ardhi ya kugawa. Wana hoja. Wilaya imebanwa na milima ya Rwenzori, hifadhi na mpaka. Katunguru yenyewe imezungukwa na hifadhi, na kijiji hakiwezi kujitanua kirahisi. Lakini nyongeza ya lizi haichukui hata futi moja mpya. Jengo lipo tayari, kodi inalipwa, watu wamo ndani. Na aliyepanga stoo ya samaki ndani yake ana haki ya kumwuliza mwenye nyumba miaka mingapi imebaki, kwa sababu upangaji wake hauwezi kuishi kuliko lizi ya aliyempangisha.

Kenya imeonyesha njia. Kanuni zake za 2017 zinataka mwenye lizi aarifiwe kwa barua, ndani ya miaka mitano kabla ya muda kwisha, na kukumbushwa haki yake ya kupewa kipaumbele. Kipaumbele hicho Kenya imekiweka kwa raia wake tu, na hapo Uganda isiige. Barua, lakini, haina uraia. Bodi ya ardhi ya Kasese inaweza kuanza nayo bila kusubiri kikao cha Arusha: ipitie daftari lake, iwaandikie wenye lizi zinazokaribia mwisho, kwa Kiswahili na Lukonzo pamoja na Kiingereza, na ibandike ada za nyongeza ukutani Bwera, pale zinapoweza kusomwa na mtu aliyeshuka kwenye lori.