Kila Umri na Mchezo Wake

Wahenga walinena kuwa kila zama na kitabu chake. Lau wangeishi wakaiona kompyuta, huenda wangeongeza kwamba kila umri una mchezo wake. Nasema hivi kwa sababu yapo malalamiko niliyoyasikia mara nyingi kutoka kwa wanaume wa rika langu, waliotimu miaka 50 au wanaoikaribia. Wanadai kwamba michezo ya kompyuta ya siku hizi haina ladha, ati ya zamani ndiyo iliyokuwa michezo ya haki.

Nimecheza michezo hiyo tangu ujanani na sikubaliani nao. Kilichobadilika zaidi ni sisi wenyewe.

Hebu tazama Doom, mchezo uliotolewa Marekani Desemba 1993. Sehemu yake ya kwanza iligawanywa bure, mtu akimnakilia mwenzake kwenye diski. Kompyuta nne zikiunganishwa kwa waya, vijana wanne waliweza kuwindana humo hadi kuche. Wakati huo sikuona raha iliyopita hiyo. Vidole vilikuwa vyepesi, na usiku wote ulikuwa wangu, kwani hapakuwa na aliyeningoja nyumbani.

Nilipoanza kazi ya mshahara, bunduki zilinichosha. Nikahamia Civilization, mchezo wa Sid Meier wa mwaka 1991. Humo unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo na wahamiaji wanaotafuta pa kujenga mji, ukaendelea karne baada ya karne. Nikapenda pia Championship Manager, uliotolewa 1992 na ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer. Hapakuwa na picha ya mchezaji hata mmoja akipiga mpira. Mechi ilielezwa kwa maandishi tu, lakini ungemkuta mtu mzima akitokwa na jasho kwa kuyasoma! Sababu yake si ngumu kuiona. Kazini nilikuwa najifunza kupanga, kusubiri na kuishi na matokeo ya uamuzi wangu. Mchezo ukayafuata maisha.

Siku hizi nacheza Stardew Valley, uliotolewa 2016. Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliutengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, kuanzia picha hadi muziki. Mchezaji hurithi shamba la babu yake, akapanda, akanyunyiza maji na kukama ng'ombe. Siku moja ya humo huchukua takriban robo saa, na ukilala, kila ulichofanya huhifadhiwa. Kwa baba mwenye watoto na mkopo wa benki, robo saa kabla ya ugali kuiva ndiyo nafasi aliyo nayo. Mama watoto hunicheka. "Baba, ng'ombe wa nyanya kule mashambani hujawahi kuwakama hata siku moja. Hawa wa kompyuta ndio unaowaamkia?" Sijapata jibu la maana.

Ladha hiyo imebadilika hata katika filamu. Zamani tuliopenda vitabu vya picha vya mashujaa na hadithi za anga tulionekana watu wa mambo ya kitoto. Kisha Februari 2018 Black Panther ikaonyeshwa Kisumu, Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa waigizaji wake wakuu, na watu wazima wakaifurahia bila haya. Lakini mimi niliyekuwa nikihesabu makonde, safari hii nilishikwa na kisa cha yule mpinzani, Killmonger, aliyeuliwa baba yake angali mtoto. Mtu wa miaka 20 huenda asikitie maanani. Mzazi hakimpiti.

Sasa turudi nyumbani, msomaji wangu, maana hapa ndipo penye uzito. Mwanangu hucheza Fortnite, ambao ulitolewa 2017. Wachezaji hadi 100 hushuka kisiwani na kuwindana hadi abaki mshindi. Baba wengi wakiuona mchezo huo hutamka neno moja tu: upuzi. Lakini tofauti yake na Doom iko wapi? Kijana anatafuta kile kile tulichokitafuta 1993, yaani kushindana na marafiki na kusifiwa nao. Kumwambia kwamba anachopenda ni takataka ni kumfundisha asituambie mengine anayoyapenda.

Sisemi mzazi afumbe macho. Yapo mageni ya kuchunga. Fortnite huingiwa bure, lakini humo huuzwa mavazi ya wahusika kwa pesa halisi, na simu ya mzazi yenye pesa haiko mbali. Mchezo wa zamani ulilipiwa mara moja basi. Aidha, awamu moja huweza kuchukua dakika 20 hivi, wala haisimamishwi katikati, kwa sababu wengine wanaendelea. Mzazi anayelijua hilo atasema, "Maliza hiyo, kisha uje mezani." Asiyelijua atachomoa waya wa stima, na chakula cha jioni kitaliwa kimya.

Kwa hivyo, ewe uliyewahi kukesha mbele ya kompyuta, usiutumie ujuzi wako kumdharau mwanao. Vuta kiti, umwombe akufundishe. Vidole vyako vitachelewa, utauawa mara kumi, naye atacheka hadi machozi yamtoke. Mwache acheke. Baadaye muonyeshe shamba lako. Asipolipenda, usimlazimishe. Ana miaka mingi bado ya kufika huko.

Jumapili njema.