Nguo ya Kuazima Haisitiri

Kila mwaka Mei Mosi inapokaribia, mji wetu wa Isiolo hushuhudia kisa kile kile. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi huanza kukimbizana na fulana. Simu hupigwa usiku, fedha hutumwa kwa mtu fulani anayemjua mchapaji kule Nairobi, na mzigo huwasili na basi jioni ya kuamkia sikukuu. Ukifunguliwa, nusu ya fulana ni ndogo, jina la chama limekosewa herufi, na mwalimu aliyetoka Merti au Sericho huambiwa kwamba zake zimekwisha. Akithubutu kuuliza zilinunuliwa kwa kiasi gani, huitwa mchochezi.

Neno hilo tunalijua. Wengi wa wasomaji wetu waliitwa wachochezi walipodai mfumo wa vyama vingi, kabla Kifungu cha 2A hakijafutwa katika Katiba mnamo Desemba 1991. Basi mtu asituulize jarida la mageuzi lina shughuli gani na fulana. Pale ambapo mwanachama anayeuliza habari ya fedha zake anaonekana kuwa adui, hapo mageuzi hayajafika, hata kama bendera ya demokrasia inapepea mlangoni.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka wa 1980 serikali ilikipiga marufuku Chama cha Watumishi wa Serikali, nacho hakikurejeshwa hadi mwaka wa 2001. Mwishoni mwa miaka ya 1980, COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka wa 1965, liliunganishwa na KANU, chama pekee kilichotawala. Sauti ya mfanyakazi ikavishwa vazi la mtawala. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na nchi nzima ikaona ukweli wa neno lao: anayekuvika leo anaweza kukuvua kesho hadharani.

Hatari hiyo haijatoweka. Chama kinapochelewa kupanga mambo yake, hutokea mheshimiwa mkarimu mwenye katoni za fulana za bure. Kifuani pana jina la chama, mgongoni pana picha yake. Siku wanachama watakapotaka kumkosoa mheshimiwa huyo kuhusu mishahara au barabara, watamkosoa wakiwa wameubeba uso wake. Utaratibu mbovu wa kuagiza ndio unaomfungulia mlango.

Hasara nyingine ni ya fedha. Katika uchapaji wa fremu, kila rangi huhitaji fremu yake, na gharama ya kutengeneza fremu ni ile ile, uchapishe fulana 20 au 300. Tawi linaloagiza mara 4 kwa vikundi vidogo, tena kwa wachapaji tofauti, hulipia fremu mara 4. Tuseme fulana 300 zimenunuliwa kwa bei iliyozidi shilingi 50 kwa kila moja, kwa kuwa hakuna aliyelinganisha bei. Hizo ni shilingi 15,000, nauli za wajumbe wengi kutoka Garba Tulla na Oldonyiro kuja mkutanoni. Fedha hizo zilikatwa katika mshahara wa mtu. Wala makato hayo si chemchemi ya milele. Mzozo wa Chama cha Walimu, KNUT, na Tume ya Kuwaajiri Walimu mwaka wa 2019 ulitufundisha jinsi mfuko wa chama kikubwa, kilichoanzishwa mwaka wa 1957, unavyoweza kukauka kwa muda mfupi.

Twapendekeza, basi, utaratibu ambao tawi lolote laweza kuufuata bila kuajiri mtaalamu.

Kwanza, miezi 2 kabla ya sikukuu, mwakilishi wa kila shule au kituo cha kazi aandike orodha moja yenye jina la mwanachama, saizi yake na sahihi yake. Orodha hiyo iulize pia urefu wa mikono, kwa sababu dada zetu Waislamu wengi huhitaji mikono mirefu, na wengine wangependa leso kuliko fulana. Chama cha Isiolo kinachosahau jambo hili kimewasahau wanachama wake.

Pili, maneno na nembo viamuliwe mara moja kwa mwaka na kamati nzima, kisha vihifadhiwe kwa maandishi. Rangi moja yatosha. Makosa mengi ya herufi hutokana na maagizo yanayotolewa kwa mdomo katika simu.

Tatu, bei za maandishi zitafutwe kwa wachapaji wasiopungua 3, wakiwemo wa hapa Isiolo na wa Meru. Bahasha zifunguliwe mbele ya kamati, na mwanakamati mwenye jamaa miongoni mwa wachapaji hao atangaze hivyo, akae kando.

Nne, fulana moja ya mfano iletwe, ifuliwe mara 2, ianikwe juani. Ikiruka au rangi ikichuja, hasara ni ya fulana moja badala ya 300.

Tano, malipo yaende kwenye akaunti ya mchapaji, kamwe yasipitie simu ya mtu binafsi. Itolewe arubuni, na baki ilipwe baada ya mzigo kuhesabiwa na watu wawili.

Sita, mafurushi yafungwe kwa jina la kila shule huko huko kwa mchapaji. Furushi la Merti litangulie kuondoka, kwa kuwa lina safari ndefu. Hatimaye karatasi moja ibandikwe ukutani pa ofisi: zimeagizwa ngapi, kwa bei gani, zimegawiwa ngapi, zimebaki ngapi.

Yapo mambo mawili tunayotarajia kuambiwa. La kwanza ni kwamba huu ni urasimu, na kwamba katibu wetu ni mtu mwaminifu. Hatuna shaka. Lakini Mtume Paulo, alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuzibeba peke yake. Aliandamana na watu walioteuliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kumlaumu. Ikiwa mtume alihitaji mashahidi, katibu wa tawi asione haya kuwahitaji. Daftari humlinda kiongozi mwaminifu kabla halijamnasa mwizi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili ni kwamba bei iliyo ya chini kabisa ndiyo ichukuliwe bila maswali. Hapo twasema hapana. Mwanzoni mwa mwaka wa 2003 wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Athi River waligoma, wakidai ujira bora na haki ya kujiunga na chama. Itakuwa aibu mwalimu au muuguzi kuandamana Mei Mosi katika fulana iliyoshonwa na mtu aliyenyimwa haki ile ile iliyoandikwa kifuani. Kamati iulize: wafanyakazi wako wana chama? Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki hiyo, na sisi ndio wa kwanza kupaswa kuiheshimu tunaponunua.

Baba wa vyama vya wafanyakazi nchini, Makhan Singh, alikuwa mtu wa kiwanda cha uchapaji cha familia yake mjini Nairobi. Alikamatwa mwaka wa 1950, akawekwa kizuizini hadi 1961, muda mrefu katika nchi kavu za kaskazini, Lokitaung na Maralal. Alipotoka, aliandika historia ya vyama hivyo kwa mpangilio wa tarehe na hati. Alijua kwamba harakati isiyotunza karatasi zake itasimuliwa na wengine.

Sisi tunaoitaka serikali itueleze ilivyotumia kodi, tunaoidai kaunti orodha ya zabuni zake, tuanze na boksi la fulana lililo chini ya meza yetu. Mei Mosi ijayo, mwanachama wa Sericho avae nguo inayomtosha, aliyoilipia mwenyewe, na ambayo hesabu yake ameisoma ukutani. Akiwa amevaa hivyo, hakuna mtawala atakayeweza kumvua.