Batli isitafsiriwe, ifafanuliwe

Kila tunapofanya mjadala wa istilahi kitivoni, hoja moja hurudi: Kiswahili kitakuwa lugha ya teknolojia siku kompyuta itakapokisema kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Safari hii mfano uliotolewa ulikuwa batli za mfumo, yaani ile mistari ambayo kompyuta hujiandikia usiku na mchana: programu gani imeanza, ipi imeshindwa, nani ameingia, diski gani imegoma. Tuitafsiri yote, wakasema wenzangu, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Naona mistari hiyo ni mahali ambapo tafsiri itamdhuru yule yule tunayetaka kumsaidia, na sisi wanaisimu ndio tungepaswa kuliona hilo kabla ya wahandisi.

Neno lenyewe kwanza. Batli ni neno la mabaharia: daftari linaloandikwa mwendo wa chombo na yaliyotokea njiani. Waingereza nao walilipata neno lao baharini. Lilikuwa gogo, kipande cha mti kilichofungwa kamba na kutupwa majini ili kupima kasi, kisha likawa jina la daftari lililoandikwa kasi hiyo. Kwetu Kikula bahari iko mbali, na sijawahi kusikia mtu akitaja batli sokoni. Lakini Likasi ni mji uliolelewa na viwanda vya shaba, na nyumba yenye mzee aliyefanya kazi ya zamu inajua buku ya rapport: anayetoka anaandika, anayeingia anasoma, na hakuna anayefuta. Ni kitu kile kile. Natumia batli kwa kuwa ni fupi na imo kamusini. Atakayesema buku ya rapport tutaelewana.

Katika kompyuta nyingi za Linux leo batli husomwa kwa amri inayoandikwa katika dirisha la amri, lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe: journalctl. Ukiiandika peke yake unamwagiwa maelfu ya mistari, na anayeijaribu mara ya kwanza hulifunga dirisha akidhani ameharibu kitu. Kazi halisi ni kuchuja. Ukiongeza -b, inabaki mistari ya tangu kompyuta ilipowashwa. Ukiandika -b -1, inakupa ya uwashaji uliotangulia. Kwa --since na --until unakata kwa saa, kwa -u unafuata huduma moja, na -f inaliacha dirisha wazi ili uone kila mstari unapozaliwa. Kisha kuna -p 3, inayobakiza mistari yenye uzito wa ngazi ya 3 na iliyo mizito zaidi yake. Ngazi ziko 8, kuanzia 0, mfumo hautumiki tena, hadi 7, minong'ono ya mafundi wanaotafuta tatizo. Zilirithiwa kutoka syslog, aliyoiandika Eric Allman huko Berkeley katika miaka ya 1980, na zimo katika waraka wa RFC 5424 wa mwaka 2009.

Tazama kwamba ngazi hizo ni tarakimu. Tatu ni tatu Kikula, ni tatu Beijing. Kama batli zote zingechujwa kwa tarakimu, mjadala ungekwisha hapa na kila mtu angetafsiri apendavyo. Bahati mbaya, programu inayotema maneno yake ovyo, bila kutaja uzito, huwekwa moja kwa moja katika ngazi ya 6, taarifa ya kawaida, hata kama inalia kwamba inakufa. Hapo -p 3 haioni kitu. Inabidi kutafuta kwa maneno, na kutafuta kwa maneno ni kazi yetu.

Simaanishi hivyo kwa majivuno. Chombo cha kutafutia kinaitwa grep. Ken Thompson alikitoa mwaka 1973 katika maabara ya Bell, na kinategemea semi za mpangilio, ambazo mwanahisabati Stephen Kleene alizielezea katika miaka ya 1950. Seti ya maneno inayoweza kuelezwa na usemi wa namna hiyo ndiyo ngazi ya chini kabisa katika daraja la sarufi la Chomsky, lile tunalolikariri mwaka wa pili na kulisahau wa tatu. Mashine za ngazi hiyo hiyo ndizo zilizo chini ya mofolojia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983, na juu ya nadharia hiyo Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga SWATWOL, kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili. Kwa hiyo anayechuja batli na anayechambua viambishi vya kitenzi wanashika jembe moja.

Jaribu kutafuta "kosa" katika matini yoyote ya Kiswahili kwa grep. Utapata kosa na makosa uliyoyataka, pamoja na wamekosana na mkosaji ambao hukuwaita, na utaikosa hawakosi kwa sababu irabu ya mwisho imegeuka. Andika kos[ai] na hawakosi inaingia, ikija na kosi za mashati. Hali hii ya wavu unaonasa uchafu na kupitisha samaki ndiyo hali ya kila anayetafuta "error" katika batli na kupata mistari 40 inayotangaza kwa furaha kwamba idadi ya hitilafu ni sifuri.

Sasa hoja yangu. Grep haijui maana, inajua umbo. Umbo likibadilika, kichujio kinakufa kimya. Hakikuambii kwamba kimekufa, kinakuonyesha tu ukurasa mtupu, nawe unaondoka ukiamini mambo ni shwari. Hatuhitaji kulibashiri jambo hili, tunaishi nalo. Kompyuta zetu za Katanga huwekwa kwa Kifaransa. Programu fulani zikikosa faili huandika katika batli "Aucun fichier ou dossier de ce type", nyingine kwenye mashine ile ile huandika "No such file or directory", na kiini cha mfumo siku zote huandika Kiingereza. Kijana aliyepata kichujio chake katika kitabu cha Kiingereza anatafuta "Permission denied", wakati mstari anaouhitaji umekaa juu kidogo ukisema "Permission non accordée". Ndiyo maana mafundi hutanguliza LC_ALL=C mbele ya amri, kuiamuru programu irudi kwenye lugha yake ya kuzaliwa. Tukiongeza Kiswahili juu ya hizo mbili, bila kukubaliana kama ni "faili haipo", "faili halipo" au "hakuna faili hiyo", tutakuwa tumempa kijana huyo mtego wa tatu. (Ngeli ya faili peke yake imekula saa nzima ya mjadala wetu wa mwisho. Ilistahili.)

Najua jibu la wenzangu: basi unataka watu wetu wasome Kiingereza milele? Hapana. Gharama ya kuachiwa mstari wa kigeni bila mtu wa kuufafanua nimeiona hapa hapa Kikula, katika chumba kimoja cha kuchapa na kupiga fotokopi ambacho sitakitaja. Kijana anayelinda mashine alikatwa ujira, akidaiwa kwamba aliizima kompyuta kwa kitufe katikati ya kazi ya mteja. Ushahidi wa mwenye chumba ulikuwa mstari mmoja wa batli uliosema kwamba faili la batli lilikutwa "corrupted or uncleanly shut down". Mzee alisoma neno la kwanza kwa Kifaransa chake, na kwa masikio ya nchi yetu.

"Machine yenyewe inasema kuko corruption," akaniambia. "Sasa ni nani alikula?"

"Hakuna aliyekula, papa. Inasema ilikuta buku yake haikufungwa vizuri."

"Na nani hakuifunga?"

Swali hilo la pili ni zuri kuliko la kwanza, na batli hulijibu kwa sehemu tu. Kompyuta ikizimwa kwa utaratibu, mwisho wa batli unaonyesha huduma zikisimamishwa moja baada ya nyingine. Umeme ukikatika, mistari inakatika tu. Lakini mtu akikishikilia kitufe hadi mashine ife, mistari hukatika vilevile, kwa hiyo batli ya mashine moja haikutosha kumtetea kijana. Chumba kilikuwa na mashine ya pili. Nikaandika journalctl --list-boots katika zote mbili, amri inayoorodhesha kila uwashaji pamoja na saa za mstari wake wa kwanza na wa mwisho. Mashine zote mbili zilinyamaza kwa tofauti ya dakika tatu, zikaamka kwa pamoja saa mbili baadaye. Tofauti ile ya dakika haikunishtua: mistari ya kawaida huhamishiwa kwenye diski kila baada ya dakika 5 hivi, kwa hiyo mstari wa mwisho si saa ya kukatika kwa umeme, ni saa ya mwisho ambayo mashine iliwahi kuhifadhi. Wanaosoma filolojia watautambua mtindo: nakala mbili, kila moja na pengo lake, zinalinganishwa ili kupata tukio moja. Kijana alirudishiwa pesa. Neno corruption, hata hivyo, mzee hakulirudisha. Hadi leo husema mashine ile "ilikula".

Kwa hiyo sikubali kwamba mstari wa kigeni haumdhuru mtu. Ninachosema ni kwamba dawa yake si kuugeuza mstari wenyewe.

Fikiria tafsiri yenyewe ingekuwaje. Kiingereza cha batli hakina mtenda: "Started", "Stopped", "Failed". Kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kusimama uchi namna hiyo, kinadai kiambishi cha nafsi au ngeli. Tuseme "imeanza"? Nini imeanza? "Nimeanzisha"? Mashine imekuwa mtu. Mtaani tungesema "balianzisha", kama tunavyosema "balikata courant", na ba- ile hubeba watu wasiojulikana ambao msikilizaji ataanza kuwatafuta. Tena jina la kinachoanza huingizwa na programu wakati wa kuandika, hivyo mtafsiri haijui ngeli yake. Na "error" je? Kamusi inatupa kosa, lakini kosa lina mkosaji. Mlinzi wetu wa mashine angekatwa ujira wa mwezi mzima. Hitilafu ni bora, ingawa katika mtaa wangu watu husema panne, ambayo haimlaumu mtu yeyote na inaeleweka na kila fundi wa pikipiki.

Maswali haya ni matamu, ila hayafai kujibiwa ndani ya mstari unaotakiwa kuchujwa na mashine. Mahali pake pamekwishaandaliwa. Ukiongeza -x kwenye journalctl, chini ya baadhi ya mistari yanatokea maelezo: nini kimetokea, na mara nyingine ufanye nini. Maelezo hayo hukaa katika faili za katalogi, kila moja limefungwa kwenye namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 32, na faili huwa na lugha yake. Kifaransa kimo, Kirusi na Kipolandi vimo. Katika mashine ninayotumia Kiswahili hakimo. Mstari wa asili haubadiliki hata herufi moja, grep inaendelea kunasa, na chini yake mzee wa chumba cha fotokopi anasoma kwa lugha yake kwamba buku haikufungwa vizuri, labda kwa sababu ya umeme.

Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kitivo chetu kiichukue badala ya ile iliyopigiwa makofi. Ni ndogo, inaweza kugawanywa kwa wanafunzi wa mwaka mmoja, na haihitaji mtu kujua kuandika programu. Inahitaji mtu anayejua kwa nini "imeshindwa" na "imeshindikana" si kitu kimoja.

Lipo swali la Kiswahili kipi. ISO 639-3 imekipa Kiswahili cha Kongo msimbo wake, swc, mbali na swh wa pwani, na baadhi ya walimu wetu wangependa tuutumie. Mimi ningeandika kwa sanifu, nikiruhusu maneno ambayo fundi wa Likasi analala nayo: courant, panne. Maelezo hayachujwi, yanasomwa, kwa hiyo yanaweza kuvumilia mseto ambao mstari hauwezi.

Nimeanza rasimu na nimekwama kwenye neno la kwanza. Katalogi huita kila kinachosimamiwa na mfumo kwa jina moja, na Wafaransa walichukua unité bila shida. Nilipoandika "Huduma @UNIT@ imeshindwa kuanza" nilidhani nimetatua ngeli, kwa kuwa huduma inatangulia na kutawala upatanisho, chochote kile kitakachoingizwa baada yake. Kisha nikakumbuka kwamba kinachosimamiwa kinaweza kuwa diski iliyopachikwa au saa ya kuamshia kazi, na hizo si huduma. Kitengo kinanukia ofisi. Kipengele kinanukia katiba. Mwenye neno alilete chumba cha kompyuta Alhamisi jioni, kama courant itakuwepo.